Gari la kuunga limekwamia kwenye matofali: jinsi ya kupata spea zilizopungua ukiwa Tanga

Kila baada ya miezi michache naitwa nyuma ya nyumba fulani, Chumbageni, Raskazone au Majani Mapana, na ninachoonyeshwa hakibadiliki. Bagi, yaani gari dogo la wazi lenye bodi ya faiba, imekalia matofali, maboksi ya vyuma yamejazana pembeni, na mwenye gari amechoka. Ameshakwenda Dar mara mbili na kurudi na vitu visivyoingia. Fundi hapokei tena simu.

Wengi wanakwama hapo hapo kwa sababu wanaingia dukani kuuliza "spea za bagi". Hakuna kiwanda kinachotoa breki za bagi wala gia boksi ya bagi. Gari la kuunga ni bodi iliyovikwa juu ya vyuma vya gari jingine, na kila kipande ndani yake kina mzazi. Ukimjua mzazi na ukashika vipimo mkononi, muuza spea anakuelewa hata kama hajawahi kuona bagi maishani mwake.

Namba nitakazotoa ni za bagi iliyojengwa juu ya chesisi ya Volkswagen Beetle, maana ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Kama yako imekaa juu ya chesisi nyingine, fuata hatua hizi hizi na ubadilishe namba.

## Andaa hivi kwanza

- Turubai kubwa, la mita 4 kwa 6 au zaidi
- Daftari gumu, kalamu ya wino usiofutika, na lebo za kufunga kwa waya
- Futi ya chuma na kalipa, kipimo cha taya cha kupimia unene na matundu (ya plastiki ya bei rahisi haifai, inadanganya)
- Kipimo cha nyuzi za bolti
- Brashi ya waya, dizeli ya kuoshea na vitambaa
- Tochi, kioo kidogo cha mkononi, na simu yenye kamera nzuri
- Mabox ya katoni, kisu na mkasi
- Kadi ya gari, au nakala yake, ya lile gari lililotoa chesisi

Hiyo ya mwisho usiipuuze. Nitairudia.

## Hatua ya 1: Mwaga kila kitu chini, na usinunue chochote

Tandika turubai, kisha toa kila boksi, kila kopo, kila mfuko wa rambo. Osha kwa dizeli, futa, panga kwa mafungu: injini, gia boksi na klachi, breki, stelingi na mhimili wa mbele, umeme, bodi.

Fanya hivi kabla hujafungua pochi, kwa sababu orodha uliyopewa na aliyekuuzia si ya kuaminika. Si lazima awe mwongo. Gari likilala miaka kumi, kumbukumbu nayo inalala. Katika bagi ya mwisho niliyoshughulikia, mwenyewe alikuwa ameshatuma pesa ya kifuniko cha distributa. Tukakikuta kizima ndani ya kopo la rangi, kimefungwa kwa gazeti pamoja na rota yake.

Funga lebo kwenye kila kitu, hata usichokijua. Usichokijua andika "sijui" na mahali ulipokikuta.

Utajua umemaliza ukiwa na kurasa tatu daftarini: kipo na kizima, kipo lakini kibovu, hakipo. Ukurasa wa tatu mara nyingi ni mfupi kuliko ulivyoogopa.

## Hatua ya 2: Mjue mzazi

Anza na namba ya chesisi. Kwenye Beetle imegongwa juu ya lile tuta la katikati ya sakafu, mahali palipokuwa chini ya siti ya nyuma. Piga brashi ya waya taratibu, mimina dizeli kidogo, mulika tochi kwa ubavu. Namba ya injini iko kwenye bloku, chini ya kiti cha jenereta au alternata.

Onyo. Linganisha namba ya chesisi na kadi ya gari sasa hivi, si baada ya kumaliza. Kama hazifanani, au namba imekatwa wakati chesisi inafupishwa, simamisha kila kitu uende TRA ukaulize njia halali ya kulisajili. Usikubali fundi akugongee namba mpya. Gari zuri lisilo na karatasi ni pambo la uani.

Baada ya hapo soma dalili nne.

Bolti za magurudumu. Beetle za zamani zina bolti tano, duara lake ni milimita 205. Za baadaye zina nne, duara milimita 130. Kwa bolti nne, pima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalolitazama. Kwa tano hakuna tundu linalotazamana na jingine, kwa hiyo pima matundu mawili yaliyo jirani, katikati hadi katikati, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata kama milimita 120 na nusu kati ya majirani, hiyo ni 205. Pima pia unene wa bolti yenyewe. Zipo za milimita 12 na za 14, na ya 12 ukiilazimisha kwenye tundu la 14 gurudumu litakuacha njiani.

Mhimili wa mbele. Hadi modeli za 1965 ulitumia kingpini, zile pini za wima za kugeuzia gurudumu. Kuanzia 1966, boli jointi, viungo vyenye kichwa cha mviringo. Vipande vyake haviingiliani hata kidogo.

Umeme. Za mwanzo ni volti 6, kisha kati ya 1967 na 1968 zikahamia volti 12. Usitegemee betri uliyoikuta. Hesabu meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la meno mwishoni mwa injini: 109 ni ya volti 6, 130 ni ya volti 12.

Hapa mimi mwenyewe nilipata hasara. Niliagiza flaiwili kwa picha, nikaambiwa "ya Beetle, inaingia". Ilikuwa ya Beetle kweli, ya meno 130, lakini gia boksi yangu ilikuwa ya zama za volti 6. Flaiwili ya meno 130 ni pana zaidi, ikawa inakwangua ndani ya kengele ya gia boksi, lile ganda linalofunika flaiwili, kila nikiizungusha kwa mkono. Nauli kwenda na kurudi, wiki mbili, na muuzaji akakataa kuipokea. Kuhesabu meno kungenichukua dakika tano.

Urefu wa chesisi. Beetle halisi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, ni milimita 2400. Bagi nyingi fupi zimekatwa karibu sentimita 36, zikabaki na mita 2 na ushee. Pima yako pande zote mbili. Tofauti na 2400 iandike kwa herufi kubwa, utaihitaji kwenye hatua ya 7. Kama upande wa kulia na wa kushoto vinatofautiana zaidi ya milimita chache, chesisi iliungwa ikiwa imepinda, na hilo linatangulia spea yoyote.

## Hatua ya 3: Kila kilichopungua kiandikie kadi yake

Kadi moja, kipande kimoja: jina, gari mzazi, miaka, vipimo, mchoro wa mkono, picha ya mahali kinapokaa. Kama upande wa pili kipo, hicho ndicho sampuli yako.

Vitu viwili vinakuokoa kabisa na utafutaji wa jina la gari.

Beringi zina namba duniani kote. Soma zilizogongwa ubavuni. Beringi ya 6306, kwa mfano, ndani ni milimita 30, nje 72, unene 19, iwe imetoka kwenye gari, pampu ya maji au mashine ya mkonge. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu la ndani. Kanuni hiyo inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu. Kwa hiyo usiulize "beringi ya Beetle". Taja namba, na duka lolote la beringi Tanga litakujibu ndani ya dakika moja.

Oili sili nazo zimeandikwa namba tatu: ndani, nje, unene. Zikifutika, pima shafti na tundu, usipime mpira uliokwisha kulegea.

Bolti za Volkswagen ni za milimita. Ukikuta ya inchi, kuna fundi aliyepita akalazimisha. Itoe, safisha nyuzi, andika.

## Hatua ya 4: Tenganisha cha kununua na cha kuchongesha

Hapa siachi nafasi ya mjadala. Breki, stelingi, vishikio vya magurudumu na rimu ni vya kununua kama vilivyotoka kwa mzazi. Havichongwi, haviungwi kwa kuchomelea, havibadilishwi na "kinachofanana". Mipira ya breki inunuliwe mipya hata kama ya zamani inaonekana nzima, kwa sababu huoza ndani kwanza. Viatu vya breki unaweza kuvivalisha lainingi mpya kwa fundi anayeifanya kazi hiyo kila siku. Hiyo ni sawa.

Ukikuta shafti ya stelingi imekatwa na kuchomelewa kitako kwa kitako bila bomba la kuivisha nje, itupe.

Taa za mbele, indiketa, swichi, fyuzi, vioo vya pembeni, siti na mikanda: chochote kilicho imara kinatosha. Taa ya mviringo ya inchi 7 imetumika kwenye magari mengi sana, Land Rover za zamani zikiwemo, kwa hiyo usihangaike na ya "asili".

Mabati, kebo, bushi, mabano na vipande vya faiba vinatengenezeka hapa hapa.

## Hatua ya 5: Tafuta kwa mpangilio, karibu kabla ya mbali

Tanga yenyewe. Usianzie dukani. Anzia kwa wazee. Mkoa huu ulijaa karakana za mashamba ya mkonge, kuanzia Pongwe na Muheza hadi Korogwe, na mafundi wake walipostaafu waliondoka na masanduku yao. Nenda mwenyewe, na kadi zako na sampuli. Toa shikamoo, kaa, kunywa chai, eleza unachojenga. Ukianza na bei umekwisha.

Mzee mmoja wa Pongwe alikishika kipande nilichokuwa nimekitafuta mwezi mzima, akakigeuza mara mbili, akaniambia, "Mwanangu, hiki hukipati kwa sababu si cha gari. Hiki bano la pampu ya dawa, mtu alikiweka ili kazi isisimame." Nilikuwa natafuta spea ambayo haijawahi kuwepo.

Pita kwa wanunuzi wa chuma chakavu pia, na uwaachie picha na namba yako. Halafu ndipo uingie maduka ya barabara za Ngamiani kwa beringi, sili, bolti, waya na mipira ya mafuta.

Dar es Salaam. Kilomita 350 hivi, kwa hiyo usiende kwa kipande kimoja. Kusanya kadi zote, nenda Gerezani na Kariakoo siku ya kazi asubuhi. Uliza pia Kombi: injini za 1600 za Kombi za zamani zinachangia vitu vingi na Beetle, mathalani vichwa vya silinda, kabureta na pampu ya mafuta. Mhimili wa mbele na breki za Kombi ni vingine kabisa, usishawishike.

Mombasa na Nairobi. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa ni karibu kuliko Dar. Nairobi, Kirinyaga Road ndiyo mtaa wa spea. Ukipita Horohoro na mzigo, utangaze kituoni na utunze risiti za dukani na za forodha. Risiti hizo ndizo zitakazoonyesha kuwa vyuma vyako ni halali.

Ng'ambo. Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, ndiyo maana spea mpya za gari linaloonekana la kale bado zinatengenezwa. Agiza huko vile vidogo vyenye thamani: gasketi, pistoni na ringi zake, masta silinda, mipira ya breki. Usiagize vizito, usafiri utazidi bei ya kitu.

## Hatua ya 6: Ukinunua bila kuona

Mwambie muuzaji akupigie picha kipande kikiwa juu ya futi, na pembeni karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Asiyeweza kufanya hivyo hana kitu mkononi. Omba picha ya nyuma, ya namba zilizogongwa na ya nyuzi.

Kwa kitu cha thamani, tuma sampuli kwa basi kwa mtu unayemwamini Dar, akalinganishe ana kwa ana kabla pesa haijatoka kwenye simu yako. Kubalianeni kwa ujumbe wa maandishi kama kinarudishwa kisipoingia.

## Hatua ya 7: Vinavyotengenezwa Tanga

Kebo na fimbo ya gia. Chesisi ikifupishwa, kebo ya klachi, ya mafuta, ya breki ya mkono na fimbo ya gia vyote vinakuwa virefu kwa kiasi kile kile kilichokatwa. Ndiyo ile tofauti uliyoiandika. Kebo ya mafuta fundi wa bodaboda atakutengenezea vizuri tu. Ya klachi usimpe waya wa pikipiki. Ni mwembamba na utakatika ukiwa kwenye foleni. Tumia kebo ya klachi ya Beetle, ifupishwe upande wa pedali na kichwa kibanwe kwa mashine. Fimbo ya gia ikikatwa na kuungwa, iwe imenyooka kabisa, la sivyo gia ya nyuma hutaipata.

Mabati ya injini. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kipande ninachokuta kimetupwa kuliko vyote. "Ni mabati tu," watu husema. Injini ya Beetle haina maji. Feni inasukuma hewa, na mabati ndiyo yanayoilazimisha ipite katikati ya mapezi ya silinda badala ya kutawanyika. Mabati ya chini na ya nyuma yanazuia hewa iliyokwisha kupata moto isirudi kwenye feni. Watu huyaacha kwa kuwa injini ya bagi iko wazi na inaonekana inapata upepo. Upepo huo hauingii kwenye mapezi. Kwa joto la Tanga injini itavumilia safari ya kwenda sokoni, kisha itakaza kwenye mlima wa kwanza, na silinda ya tatu mara nyingi ndiyo inayotangulia, maana kwenye injini nyingi za zamani kipoza oili kimesimama kwenye njia ya hewa yake.

Kata katoni, ibandike mahali bati linapotakiwa, ikunje, chora matundu ya bolti kwa kalamu. Irekebishe mpaka usione mwanga kati ya katoni na silinda ukimulika tochi kwa chini. Peleka katoni hiyo kwa fundi bati, yule yule anayetengeneza majiko na mapipa. Bati la milimita 1 linatosha. Mwambie kingo azikunje, zisiachwe kama wembe, na matundu atoboe baada ya kujaribisha, si kabla. Feni yenyewe na ganda lake kubwa usichongeshe. Hivyo tafuta vya kiwandani.

Faiba. Mafundi wa boti wanajua kazi hii kuliko fundi wa magari. Hadena, dawa ya kugandisha resini, ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini. Mchana wa joto anzia chini, la sivyo itaganda kwenye kopo. Usichukue kalibu ya madigadi ya kushoto ukitegemea kupata ya kulia, utapata ya kushoto ya pili.

Onyo. Kama resini yako imekuja na chupa ya kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) pembeni, usichanganye kobalti na hadena moja kwa moja. Hulipuka. Kobalti ikorogwe kwanza kwenye resini, hadena baadaye. Vaa barakoa na glavu, fanyia nje.

## Hatua ya 8: Funga kila kitu kabla ya rangi

Unganisha gari zima likiwa bichi, bila rangi. Kila bolti iingie kwa vidole kabla ya spana. Hapa ndipo bano lililokosewa linapojionyesha, na kulirekebisha hakuharibu chochote.

Breki kwanza. Kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika nzima. Ikizama hata kidogo, kuna pavujapo. Kisha stelingi: zungusha kutoka mwisho hadi mwisho magurudumu yakiwa hewani, tairi lisiguse bodi wala mpira wa breki.

Injini iwashwe mwisho. Oili lita 2 na nusu, nafasi ya vali milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, iliyolala usiku mzima. Iwashe, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima wewe. Baada ya dakika tano peleka kiganja chini ya injini, mbali na ekzosi. Ukihisi hewa ya moto inashuka kwa nguvu kushoto na kulia sawasawa, mabati yako yanafanya kazi. Upande mmoja ukiwa dhaifu, rudi na tochi.

Vua kila kitu, piga rangi, funga tena. Nyuzi zote zipake grisi, kwa sababu hewa ya chumvi ya bahari yetu itaigandisha bolti kavu kabla mvua za masika hazijapita. Rudia nafasi ya vali ukifikisha kilomita 500, na kadi za spea zibaki ndani ya gari, chini ya siti.